Alhamisi, Saa Nne Usiku

Saa nne kasoro dakika tano nazima hita,
mita imeshakula pauni ya mwisho ya wiki,
najitupia koti la kazini juu ya kanga
na kuifungua kompyuta yenye bawaba moja.

Hull inanyesha yale manyunyu yake yasiyo na nia,
hayalowanishi, hayakomi.

Nsimire huingia kwanza, kutoka Dundee, anatafuna.
Kisha Salha, Cardiff, ndani ya gari,
maegesho ya hospitali, mapumziko ya dakika arobaini,
sare ya uuguzi, viatu kavua, miguu juu ya dashibodi.
Wa mwisho Maimuna, Slough: sauti tu.
Tangu Machi kamera yake ameibandika plasta,
alisema imeharibika, nasi tukasema pole.

Wahedi na sitini. Mchezo katutengenezea mpwa wa Salha,
kijana wa chuo, akaandika kopa, uru, pau, shupaza
kwa herufi kubwa, kwa ajili ya macho yetu.
Kompyuta inachanganya, inagawa, inahesabu.
Imetunyang'anya raha zote za mikono
isipokuwa wizi.

Maana tuliibiana tangu zamani, wote wanne Hull,
chumba cha Spring Bank juu ya kinyozi Mkurdi,
tukitoka kusafisha maofisi, vidole vikinuka dawa:
kikohozi, nina ree; kujikuna sikio, usitoe saba.
Siku hizi mimi na Salha tuna kijiko:
nikigonga kikombe mara tatu, shupaza.
Na Nsimire akimuuliza Maimuna,
"Huko kuna baridi?"
jua turufu anazo.
Tunajua, nao wanajua kwamba tunajua.
Hakuna aliyewahi kushtaki.

Alhamisi iliyopita mtandao wa Cardiff ulikatika.
Jina la Salha likawa kijivu, kitini pake likakaa roboti,
na roboti likacheza vizuri, Mungu alisamehe,
bila kuguna, bila kuwalaani wakwe zake,
bila "ngoja, ngoja, simu ya wodini."
Nikagonga kikombe mara tatu. Likatoa pau.
Tukashinda michezo mitatu mfululizo
na hakuna aliyecheka.

Hapo tukasikia kitu kinabanduka.

Nyuma yake hakuna pazia, hakuna ile saa ya harusi,
hata ukuta si ule tuliouzoea:
godoro chini, masanduku mawili, balbu uchi,
na Maimuna kavaa kofia ya sufu ndani ya nyumba.
"Ndiyo, nimetoka kwake. Tangu Machi.
Msiniulize leo. Zamu ya nani?"

Zamu ilikuwa yangu. Vidole havikukiona kitufe.
Roboti likangoja, lina subira kuliko watu.
Nsimire akaacha kutafuna.
"Huko," akasema, "kuna baridi?"

Maimuna akanyamaza.
Hakujua ajibu swali lipi.
Akazitazama karata, akatutazama sisi, akarudi kwenye karata.
"Ipo," akasema. "Usiku hasa."

Nikatoa ree ya uru, pointi kumi na moja, hivi hivi tu,
roboti halikuniuliza nina akili gani,
na turufu ya mbili ya Nsimire ikaila.

Salha akarudi anahema: "Nani kacheza karata zangu?"
Akaiona kofia. Akalionea godoro pembeni.
Akafunga mdomo, jambo ambalo roboti lilikuwa limelizoea
lakini sisi hatukuwahi kuliona.
"Haya," akasema, "gawa,"
kana kwamba bado kuna mtu mwenye mikono ya kugawa.

Tulishindwa, mimi na yeye, sabini kwa hamsini.
Marudiano tunawadai.

Asubuhi, kituo cha basi, ujumbe wa Nsimire:
anuani ya Slough, na chini yake
blanketi nimetuma mimi, wewe sufuria.