Ndoo ya Coimbra

Ulinitaka nikuletee picha, Naliaka.
Basi sogea. Weka andazi chini kwanza, vidole vina mafuta.
Hii hapa. Moja tu.
Ndiyo, ni ndoo.

Kyalo naye aliuliza vivyo hivyo, palepale,
mbele ya wageni waliovaa kofia:
"Mama, usiku kucha angani,
na viza niliyoihangaikia tangu Februari,
uje upige picha ya ndoo?"
Mkopo wa safari hiyo ataulipa hadi Desemba.
Nilimwelewa. Nikanyamaza.
Nikapiga ya pili, ikatoka na ukungu.

Chuo chenyewe kimekaa juu ya kilima cha Wareno,
ngazi zake zimelika katikati
kama kipande cha sabuni ya kufulia.
Tiketi ina saa yake. Mlango unafunguliwa,
mnaingia, dakika ishirini,
mnatolewa kama wagonjwa wa kliniki.
Ndani ni dhahabu hadi darini.
Wageni wakatazama juu.
Mimi nikatazama meza.

Maana kijana wa kututembeza alisema
humu wanalala popo. Usiku hutoka
kula wadudu wanaotafuna karatasi,
ndiyo maana kila jioni meza hufunikwa ngozi
zisipate mavi yao.
Watu wakacheka, wakasema inapendeza.
Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi:
Na asubuhi nani anafuta?
Akairudia ile habari ya popo, kwa sauti kubwa zaidi,
akidhani sikusikia.

Nilisikia. Miaka kumi na tisa
nafuta rafu za magazeti pale ghorofa ya chini,
napigana na mchwa kwa mafuta ya taa na matusi ya Kikamba.

Tulipotoka, kijilango kilikuwa wazi kidogo.
Ndoo ya buluu, mpini umefungwa waya.
Tambara limekamuliwa, limeanikwa ukingoni,
limekunjwa mara tatu,
jinsi mtu anavyokunja
akijua kesho ni yeye tena.

Mwenyewe sikumwona.

Haya, na hili usimwambie mtu.
Jumatatu nilirudi kazini na koti la huko,
la sufu, maana Julai ya Nairobi unaijua.
Getini yule askari mpya, Etyang,
akasimama wima, akavua kofia:
"Karibu, mama. Mgeni wa Profesa?"

Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini.

Akanizungusha mwenyewe. Akanionyesha bustani,
ukumbi wa mahafali, ile saa iliyosimama,
akanishusha hadi kwenye magazeti yangu,
akasema haya mengine ni ya kabla ya Uhuru,
usiguse, mama, yanavunjika.
Vumbi lilikuwa limelala juu ya meza, wiki mbili nzima.
Nikapitisha kidole.
Nikamuuliza: Huku nani anafuta?

"Kuna mama mmoja," akasema,
akishusha sauti kwa aibu ya mwenye nyumba.
"Yuko likizo. Wanasema akirudi
hutajua kama ni hapa."