Mgeni wa Kilomita ya Thelathini

Miezi mitano hakupiga hodi.
Nikasema, huyu ameshahama,
nikazisukuma pedi nyuma ya droo,
nikamwachia Liisbet, ana miaka kumi na mitatu,
zamu ni yake sasa.

Halafu leo, digrii kumi na nne chini ya sifuri,
misonobari ya Otepää imeinama kwa theluji,
namba mia tano na sita kifuani,
mbao zangu zinateleza vizuri kuliko mwaka jana,
huyo!
Bila hodi, bila salamu,
anaingia na viatu vyake.

Nilimjua kwa kiuno. Kiuno hakisahau.
Kisha ule mvuto wa chini,
kama mtu anayekaza kamba ya mzigo
ambao si yeye atakayeubeba.

Na kabla yake lilikuwa joto.
Wenzangu ndevu zimeganda,
mimi nafungua zipu hadi kitovuni,
navua kofia, kichwa kinafuka
kama sauna ya mama mkwe Jumamosi jioni.
Mzee mmoja akanipita, akauliza kama naumwa.
Hapana, nikamwambia, napikwa.

Daktari kule Tartu alinichorea mstari.
Homoni hazishuki kwa ngazi, alisema,
zinashuka kama mtoto kwenye mteremko wa barafu:
anaanguka, anapanda tena, anaanguka.
Akanipa jeli ya kupaka mkononi.
Usingizi umerudi, nashukuru.
Lakini mstari wake haukunieleza
kwa nini juzi nililia
kwa ajili ya soksi moja iliyopotea mwenzake.

Nina daftari la mazoezi tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.
Kila alipokuja, nukta nyekundu.
Kando yake: miguu mizito.
Kando yake: tumbo, nimekimbia hivyo hivyo.
Kando yake, mara moja tu, kwa herufi kubwa:
NIMESHINDA NIKIWA MWEZINI, NA HAKUNA ALIYEJUA.
Siku hizi nukta zimetawanyika
kama nyayo za sungura aliyefukuzwa.
Nazitazama, sioni alikokuwa akienda.

Kwenye meza ya supu ya bluberi
Õie alikuwa akipakua, glavu zimelowa zambarau.
Nikamnong'oneza.
Akajipapasa mifuko, akacheka kwa pua:
Mimi? Miaka ishirini sasa sina kitu hicho!
Akavua kitambaa shingoni mwake, pamba safi,
akakikunja mara tatu, akanikinga kwa koti lake pana
nyuma ya pipa la maji,
mimi na vidole vyangu vilivyokufa ganzi,
nikihangaika kama mtoto na vifungo vya kwanza.

Nilipotoka akaitazama suruali yangu, nyeupe,
ujinga wangu mwenyewe,
akachukua kikombe, akanimwagia supu pajani.
Sasa, akasema, hakuna atakayejua ipi ni ipi.

Nilitaka kumwambia kwamba nimechoka kuficha.
Nilitaka kumwambia kwamba
miaka thelathini ya kutojulikana si ushindi.
Lakini supu ilikuwa ya moto, na ilikuwa nzuri kwenye paja,
nikasema asante.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sikungoja ya tatu.
Nikampa fimbo zote mbili, nikamwambia, sukuma.
Hakusukuma. Alining'inia kiunoni mlima mzima,
nikapitwa na wasichana, nikapitwa na yule mzee mara ya pili,
na pale juu nikasimama nikapumua tu, bila aibu,
mvuke wangu ukipanda katikati ya miti.

Muda wangu: mbaya kuliko wote katika miaka kumi.
Nitauandika. Na nukta nitaiweka.

Liisbet alikuwa kwenye uzio na blanketi.
Akalitazama paja.
Supu? akauliza.
Nusu, nikamjibu.
Akacheka, kisha akanyamaza,
akaanza kuhesabu kitu kwa vidole
ndani ya glavu zake.