Kusharabu

Darasa la jioni, Magomeni Mapipa.
Mwalimu Zamoyoni akaandika kitenzi cha Kiingereza:
sifongo, akasema, huyafanyia hivi maji,
ngozi hulifanyia jua la Kigamboni,
nanyi, wanangu, masomo.

Nikanakili. Daftari lilikuwa bado na harufu ya ukungu.

Mie nilikijua tangu masika.
Godoro letu la Mkwajuni liliunywa Msimbazi;
tukalikamua watu wanne, likatema tope,
likatema tena tope.
Unyevu ukapanda ukutani hadi miguuni pa bibi harusi pichani.
Na bibi harusi mwenyewe, Sikudhani, mama yangu,
akapokea pole, madeni, lawama za mawifi,
asitoe hata tone.

"Mfano mwingine?"
Nikanyoosha kidole, nikakishusha.
Godoro tulilikamua.
Yeye, bado.