Tuta Mlangoni

Gari langu la kusukuma theluji lina taa ya manjano
na bamba la chuma pana kuliko sebule yetu.
Miaka ishirini na miwili nafungua njia za Ishpeming
watu wakiwa bado wanakoroma.
Kwa hiyo usinisimulie habari za kuamka mapema.

Siku ile niliegesha nyuma ya kituo cha mafuta,
injini ikinguruma, kahawa ikipoa kwenye kifuniko cha chupa,
simu juu ya usukani.
Nywila ya Kaisa niliiandika mwezi wa nane
nyuma ya risiti ya dizeli,
aliponipa nilipe ada. Nilipe ada tu.

Usajili hufunguliwa saa kumi na mbili kamili.
Anatomia, nafasi ishirini na nne,
na wanaoitaka, alisema, wanakaribia mia.
Bila Anatomia muhula huu hakuna Fiziolojia muhula ujao,
bila Fiziolojia hakuna uuguzi,
bila uuguzi...
nilishafika mbali hivyo, peke yangu, gizani,
hadi nikamwona mwanangu ana miaka arobaini
anapanga makopo dukani kwa Pelkie.

Na Kaisa ninayemjua hulala kama gogo.
Miaka yote ya shule ni mimi niliyemvuta blanketi.
Lorna aliniambia usiku, bila kugeuka kitandani:
"Mwache, Reino. Ana vidole kumi."
Nikasema ndiyo. Ndiyo ya mume anayetaka kulala.

Saa kumi na mbili na sekunde nne, nikaingia.
Nafasi kumi na tisa.
Kidole changu kinene kikagusa mstari usio wake,
Historia ya Muziki, nikarudi,
nafasi kumi na moja,
kiduara kinazunguka, kinazunguka,
nafasi tatu,
halafu ukurasa mweupe kama shamba la jirani
na sentensi moja: Darasa limejaa.

Simu ikalia mkononi kabla sijapumua.
"Baba. Ni wewe?"
Nikauliza, mimi nini.
"Nilikuwa ndani. Niko macho tangu saa kumi,
nimekaa kwenye ngazi za bweni, ndiko mtandao una nguvu,
nimeshachagua, nimebakiza kubonyeza,
mfumo ukanitupa nje. Ukasema
nimeingia kutoka mahali pengine."

Mahali pengine.
Nyuma ya kituo cha mafuta, Ishpeming,
ndani ya buti na nia njema.

Nikasema nitampigia msajili. Nitampigia mkuu wa chuo.
Nitakuja huko na gari hili hili.
Akanyamaza.
Vipangusio vilipita kiooni mara sita, nilihesabu,
kisha akasema, polepole,
kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu:
"Usimpigie mtu, Baba. Niache niende mwenyewe."

Kuna jambo katika kazi yangu
ambalo watu hunitukania kila majira ya baridi.
Ninapofungua barabara, theluji haipotei. Inahama.
Naisukuma pembeni, inakuwa tuta,
na tuta linakaa mlangoni mwa mtu,
gumu, linamfika kifuani,
naye anatoka na koleo, analitazama gari langu likienda zake,
njia safi mbele yangu.
Mzee Hautala nimemwona kiooni mara nyingi, mkono juu.
Nilidhani ananipungia.

Saa tisa alasiri ujumbe uliingia.
Alikuwa amemvizia mwalimu nje ya maabara.
"Mimi wa tatu kwenye orodha ya kusubiri.
Amesema nirudi Jumatatu, huenda mtu akaacha.
Nimebadilisha nywila."

Nikaandika: Na asipoacha mtu?
Nikafuta.
Nikaandika: Namjua jamaa mmoja pale chuoni.
Nikafuta.
Nikaandika: Sawa.
Nikaitazama hiyo Sawa ilivyokaa peke yake,
nikaituma,
nikaitia simu kisandukuni pamoja na glavu,
nikalishusha bamba.