Chubwi

Ochola alinilipa kwa gunia.
Elfu kumi na mbili zangu, za tangu mwaka juzi,
zilishuka kwenye lori pale Changamwe
zikiwa mawe ya Migori, yenye kutu na mishipa myeupe.
"Mna dhahabu humo, karani," alisema,
wala hakuzima injini.

Miaka thelathini na mmoja nimehesabu mizigo ya watu Kilindini:
marobota, mapipa, makasha.
Ndani mna nini, halikuwa swali langu.
Nilistaafu nalo.

Mwanahamisi alikikuta kinu chake cha bizari
kimejaa vumbi la jiwe.
Hakusema kitu. Alinunua kingine,
akakificha chini ya kitanda, upande wake.
Siku nne nilitwanga, Kuze nzima yasikia,
hata jirani wa chini akauliza
ni harusi ya nani hiyo isiyopikwa.

Nikaosha kwa maji kwenye karai la kufulia,
nazungusha, namwaga, nazungusha,
ukabaki mchanga mweusi, na ndani yake vijipande vya manjano.
Nikavigonga nyundo. Vikavunjika kama kaukau.
Dhahabu haivunjiki;
ikipigwa hulala, ikawa pana.

Sikukoma. Mifupa niliomba kwa Awadhi wa bucha,
nikaichoma ikawa nyeupe, nikaisaga,
nikaishindilia ndani ya kikombe cha kahawa.
Risasi nilinunua duka la nyavu: chubwi saba za mshipi.
Juu ya paa, upepo mgongoni, kitambaa puani,
wajukuu wamefungiwa chini na katuni zao,
nikavuvia makaa kwa feni ya kompyuta iliyokufa.

Risasi ikayeyuka, ikameza kilichokuwamo.
Kisha mfupa ukainywa risasi,
polepole, kama mchanga unywavyo maji ya udhu.
Rangi zikawa zakimbizana juu yake,
zambarau, kijani,
mara mmeto mmoja,
na punje.
Nyeupe, mviringo, jicho la dagaa.
Nilipiga takbiri peke yangu, saa nane mchana.

Sonara Vallabh, kichochoroni nyuma ya Biashara,
aliiweka kwenye mizani yake ya kioo,
ile isiyotaka hata pumzi.
"Miligramu tisa. Naona fedha tu."
Akanitazama juu ya miwani.
"Risasi yako umeipima peke yake?"
"Ya nini?"
"Shahidi naye ana tumbo lake, bwana karani.
Huenda hii alikuja nayo."

Nilirudi juu ya paa.
Chubwi saba nyingine, kikombe kingine, jiwe hakuna.
Mmeto. Punje.
Miligramu nane.

Ikabaki moja, na aibu.
Vallabh aliitia punje ya kwanza kwenye tindikali;
fedha ikaenda zake bila kuaga,
na chini ya chupa likasalia vumbi la hudhurungi,
tumbaku iliyosahaulika mfukoni.
Akalipasha moto kidogo.
Likageuka.
Nimeona pete, nimeona mikufu, nimeona meno.
Haikuwa rangi ile.

Usiku nilifungua daftari la madeni.
Ochola: 12,000.
Nikaukumbuka usiku wa mvua
alipompakia mamangu kwenye lori tupu, kutoka Jomvu hadi Makadara,
akangoja nje ya hospitali mpaka alfajiri,
akamrudisha amefunikwa.
Hakutaja dizeli.
Nami sikuwahi kuuliza.

Nilimpigia. Alikuwa Mariakani,
kwenye foleni ya mizani ya malori.
"Karani! Imo?"
"Imo."
"Kiasi gani?"
Nikainua kichupa mbele ya taa, kalamu mkono wa pili.
"Ngoja," nikamwambia,
"bado natoa."