Kifungu cha Upepo

Muhtasari wa kikao cha kwanza, ukurasa wa pili:
mtendaji wa kata aliandika "Ombi la uwanja wa sketi",
akauliza, wala hakucheka, wasichana wa shule
wanahitaji uwanja wa nini ili kuvaa sare.
Nikamwambia siyo hiyo. Ni ubao,
una magurudumu manne, mtoto anasimama juu,
ukuta unamrusha, sakafu inampokea.
Akafuta. Akaandika "Mbao",
nakala akaipeleka kwa watu wa misitu.

Ndivyo tulivyoanza sisi wa Ndoro, hapa Lindi.
Mimi Somoe Nang'uka, mhazini,
kwa kuwa nina kaunta buku lisiloliwa na mchwa
na kwa kuwa, walisema, muuza chumvi hapunji.
Habari za mizani yangu sikuwaeleza.

Mapato.
Shilingi tano kwa kila kilo ya korosho,
chama cha msingi kilipitisha baada ya wiki mbili za kelele.
Bwana Mkwanda alisimama: "Nilipulizia salfa peke yangu,
kikohozi changu peke yangu,
leo nichangie watoto wa mjini wateleze?"
Alitoa mwishowe, mara mbili ya wenziwe,
kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe popote.
Samahani, Bwana Mkwanda.

Saruji, mifuko arobaini. Ilifika thelathini na tisa.
Mmoja nauona kila nikipita kwa mwenyekiti,
umekuwa kizingiti, kizuri, hakina ufa.
Nimeandika: "Umelowa mvua."
Mungu anajua ulikuwa mwezi wa nane.
Anajua pia nilitaka sahihi ya mtu yule
kwa mifuko mingine ishirini.

Kampuni ikaleta bango, pana kuliko uwanja wenyewe.
Tulilipokea kwa makofi.
Sasa ni paa la kibanda cha mbao mbovu,
maandishi yameangalia ndani, buibui wanayasoma.

Matumizi.
Beringi kuukuu za bodaboda, kwa fundi Likwata, mkopo.
Fagio za chelewa, nne.
Bendeji.
Jino la Nasoro: hili nililetewa mkononi, limefungwa kwa karatasi,
nami sikujua niliingize safu ipi.

Ndipo likaja suala la kiingilio.
Mia mbili kwa siku, kamati ilishakubaliana,
wino umekauka, mpaka Asumini, miaka kumi na miwili,
magoti yote mawili yana makovu,
akauliza toka mlangoni: "Na asiye nayo?"
Tukatazamana.
Asiye nayo afagie, nikasema, ili kikao kiishe.

Kesho yake hakuna aliyekuwa nayo.
Mtoto wa daktari alikuja na ufagio begani,
mtoto wa mwenye duka la jumla kaja na wa kwake, mpya,
bado una lebo.

Mkaguzi wa manispaa alipekua buku langu asubuhi nzima.
"Kiingilio sifuri. Mshahara wa mfagiaji sifuri.
Sasa nani anafagia?"
"Wadaiwa."
"Na mchanga wote huu unatoka wapi?"
Nikamwonyesha bahari kwa kidevu.
Unakuja usiku, unalala kwenye mashimo,
unaingia kwenye beringi, chumvi inamalizia.
Akaguna. "Bajeti yenu haina kifungu cha upepo."
"Kiandike wewe, unajua tarakimu zake."
Aliondoka bila kutia muhuri.

Jioni nikipima chumvi nyumbani nawasikia.
Magurudumu yanasaga, yanasaga,
halafu kimya.
Hicho kimya nakijua: mtoto yuko hewani.
Mkono wangu unasimama juu ya kopo.
Moja. Moja na nusu.
Kishindo, kisha kicheko, nami namimina.
Mara nyingine kishindo, kisha hakuna kicheko,
natafuta kandambili zangu.

Kimya hicho nacho sijakipatia safu.

Kesho zamu ya Asumini.
Fagio ziko kwangu, nyuma ya mlango.
Moja kamba imelegea, aanze na hiyo kuikaza.