Kijiko Juu ya Bomba

Kuta za jengo letu hapa Valga ni nyembamba,
lakini mbeya wa kweli ni bomba la joto:
linatoka kwangu ghorofa ya pili,
linatoboa dari, linaingia jikoni kwa Urve,
na kila anachokiimba huko juu
linanishushia kikiwa na moto kidogo
na ladha ya kutu.

Alhamisi ana usaili. Kwaya ya mji
imebakiza nafasi moja, sauti ya alto,
na kila mwombaji aje na wimbo mmoja.
Mmoja tu! Ningeambiwa nichague jino moja
la kubaki nalo kinywani, ningekesha vivyo hivyo.

Jumatatu alianza na ule mkubwa,
wenye noti ya juu ambayo wengi huiendea
na wachache hurudi.
Mtaka cha mvunguni huinama, sawa;
mtaka cha darini je?
Nadhani alipanda kiti,
maana nilisikia kiti kikilia kabla yake.
Noti aliigusa kwa ncha ya kidole, ikamponyoka,
akatukana
kwa sauti nzuri kuliko ile aliyoimbia.

Jumanne akaleta wimbo wa mazishi,
ule ule tuliomsindikizia mama yake
Februari ile ardhi ilipokataa sululu.
Aliuimba vizuri mno, hilo ndilo tatizo:
kila mwisho wa ubeti alisimama
akapenga kamasi.

Jumatano, Kijerumani,
kutoka kitabu cha kuazima maktaba.
Aliyala maneno yale
kama mtu anayekula samaki wa miiba mingi mbele ya wakwe.
Kisha kitabu kikafungwa, pa!
Nikasikia maji. Nikasikia kisu.
Nikasikia viazi vikidondoka sufuriani
kimoja
kimoja,
na katikati ya viazi, bila yeye kujua,
noti tano.

Tano tu, haziendi mbali,
zinatoka hadi uani na kurudi,
kama zile walizoziimba bibi zetu
kuwaita ng'ombe ukungu ukishaficha malisho.

Sasa, niwaambie mimi ni nani.
Miaka thelathini na minne nilitembea kando ya treni
usiku, na nyundo ya mpini mrefu,
nikigonga magurudumu.
Gurudumu zima hulia. Lenye ufa hukohoa.
Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya muziki,
na usiku ule, juu ya kichwa changu,
gurudumu zima lililia.

Nikachukua kijiko nikagonga bomba: ngo!
Maana yangu: huo hapo, Urve, huo huo.
Maana aliyoipata: kelele, nyamaza.

Jengo zima likawa kimya hata friji nikaisikia.

Baada ya robo saa akabisha mlangoni,
sahani ya biskuti za tangawizi mkononi,
macho kwenye zulia langu.
"Samahani, Heldur. Sitaimba tena usiku."
"Ule wa viazi," nikasema.
"Upi?"
"Ule wa viazi!"
Hakuujua. Wallahi hakuujua,
kama mtu asivyoijua harufu ya nyumba yake.

Basi ikanibidi mimi,
mwenye besi ambayo kwaya ile ile iliikataa
kabla Urve hajazaliwa,
nisimame na soksi zangu mbili zisizofanana
nikaukohoe.
Alicheka kwenye noti ya kwanza.
Kwenye ya pili akaweka sahani chini.
Ya tatu akaninyang'anya.

"Lakini huu si wimbo," akasema mwishoni.
"Hivi ndivyo ninavyomenya viazi tu."
Sikumjibu. Biskuti zilikuwa ngumu, nami nilikuwa natafuna.

Leo ni Alhamisi.
Saa kumi na moja jioni buti zake zimeshuka ngazi
haraka, zikasita mlangoni pangu,
zikaendelea, zikatokea kwenye theluji.
Ameondoka na upi, hakusema.
Bomba linapoa. Nimeligonga mara moja, kwa upole,
na mpaka sasa
nimeshamenya viazi kumi na vinne
ambavyo sina mtu wa kuvila.